Pedeli ya Mpingo

Kwa Kasiani, pale Newala, siku huanza kwa kelele za madumu. Veridiana, mkewe, huyatoa nje. Kasiani huyapanga nyuma ya gari lake dogo la mizigo, lile ambalo watu huliita kirikuu. Kisha huondoka kwenda kutafuta maji. Akirudi, hurudi na maji ya nyumba yake na ya nusu ya mtaa. Hapa kwetu maji ni shida, kwa hiyo mtu mwenye gari la maji husalimiwa vizuri hata na aliogombana nao jana.

Lakini kelele za madumu hazifikii sauti ya Bibi Helena. Yeye ni mama mzazi wa Veridiana, na anaishi nao. Bibi Helena ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu anawaona kama vivuli, na rangi zimempotea. Masikio, hata hivyo, ni mazima kabisa. Kila asubuhi hukaa barazani na kilemba chake kirefu kichwani, akilisimamia gari asiloliona.

"Baba Glory! Dumu la mwisho linavuja!"

"Mama, umelionaje?"

"Nimelisikia."

Kasiani hakubishana naye. Nani abishane na mama mkwe? Alishuka, akalikagua dumu, na kweli lilikuwa linavuja.

Kasiani ni mkulima wa korosho. Msimu ukiisha, huchonga mpingo. Ana mkono mzuri, hilo hatuwezi kumnyima. Tatizo lake ni moja. Hawezi kuona kipande cha mti kimelala bure asikipe pua. Mwiko wa ugali nyumbani kwake una pua. Kigoda kina pua. Hata komeo la banda la kuku lina pua na mdomo.

Basi, mpira wa pedeli ya breki ukaisha. Mguu ukawa unateleza. Mtu mwingine angekwenda dukani kununua mpira mpya. Kasiani alikaa nyuma ya nyumba na patasi yake. Jioni alikuja na kipande kizito cha mpingo, cheusi, kinang'aa. Kilikuwa na uso wa mama mzee mwenye pua pana, mdomo uliobana, na kilemba kirefu kilichoelekea upande. Akakifunga juu ya pedeli kwa vipande vya mpira wa tyubu.

Mtaa mzima tulikwenda kuangalia. Tulisifu. Hakuna gari lingine Newala lenye pedeli kama ile.

Veridiana peke yake alikunja uso. "Baba Glory, huyu mbona kama mama?"

"Mama gani?"

"Mama yangu!"

"Ni mtu tu," alisema Kasiani. "Mkono ulikwenda wenyewe."

"Shukuru Mungu haoni. Unamkanyaga usoni kutwa nzima!"

Kasiani alicheka. Lakini kuanzia siku ile gari likaanza vituko.

Kwanza zilikuwa taa. Taa nyekundu za breki, zile za nyuma, zinatakiwa kuwaka dereva anapokanyaga breki na kuzimika anapoachia. Za Kasiani ziliwaka na kukaa hivyo. Akitembea zinawaka. Akiegesha zinawaka. Akilala, zenyewe ziko macho. Asubuhi betri haina kitu, na sisi majirani tunaitwa kusukuma. Tulisukuma kwa sababu tulitaka maji.

Husseni, kijana wa bodaboda, ndiye aliyelalamika. "Baba Glory, nikiwa nyuma yako sijui lini unasimama na lini unatembea. Taa zako zinasema umesimama tangu Jumatatu."

"Nitazitengeneza," alisema Kasiani.

Matengenezo yake yalikuwa haya: alizitoa globu. Taa zikazimika, betri ikapona, naye akatembea kifua mbele. Alijiona fundi.

Sokoni siku iliyofuata, mbuzi alikatiza barabara. Kasiani akashika breki. Husseni alikuwa nyuma amebeba tenga la kuku, na hakuona taa yoyote. Pikipiki ikagonga nyuma ya kirikuu. Husseni hakuumia, ila tenga lilipasuka. Kuku wakarukia ndani ya kirikuu, wakakaa juu ya madumu.

"Sasa taa haziwaki kabisa!" alifoka Husseni.

"Si ulisema zinawaka mno?"

Husseni alimtazama. Akaanza kukamata kuku wake.

Baada ya taa likaja jambo la pili. Gari likawa zito. Kasiani akiondoa mguu kwenye mafuta, gari halikuserereka kama zamani, lilisimama upesi. Likaanza kunywa mafuta. Na kulikuwa na harufu kama ya mpira unaoungua.

"Kuna mtu anachoma takataka," alisema Kasiani.

"Kila mahali tunapopita?" aliuliza Veridiana.

"Watu wa Newala ni wasafi."

Kasiani angeendelea kusema hivyo mpaka gari liungue. Lakini wiki ile kulikuwa na safari. Madaktari wa macho walikuwa wamefika Masasi kwa siku chache. Bibi Helena alikuwa amepimwa na kupangiwa upasuaji Alhamisi asubuhi. Akikosa, angesubiri mpaka madaktari warudi, na hakuna aliyejua ni lini. Basi la abiria hakutaka hata kulisikia. Mwaka juzi lilimtapisha mpaka akashukia porini.

"Nitakwenda na gari la mkwe wangu," alitangaza barazani. "Nataka kumwona Glory uso wake. Amekuwa msichana mkubwa na mimi namjua kwa sauti tu."

Glory ni mjukuu wake, anasoma sekondari ya bweni. Bibi aliposema hivyo, Veridiana aligeuka akajifuta macho. Kila mtu pale alijua safari hii si ya mchezo.

Waliondoka Jumatano asubuhi, ili walale kwa ndugu yao wa Lisekese, pale Masasi. Bibi Helena alikaa mbele. Veridiana alikaa nyuma na mizigo na dumu la maji ya kunywa. Kasiani aliendesha amekakamaa kama mtu aliyevaa shati la kuazima, maana kukaa bega kwa bega na mama mkwe si jambo jepesi. Ule uso wa mpingo ulikuwa chini ya mguu wake. Kila akikanyaga, aliomba msamaha kimoyomoyo.

Hawakufika hata kwenye mteremko wa kutoka Newala. Kabla barabara haijaanza kushuka, gari lilipunguza mwendo lenyewe. Likavuta, likavuta, likasimama. Moshi ulitoka kwenye magurudumu ya mbele.

"Moto!" alipiga kelele Veridiana.

Kasiani aliruka nje, akanyakua dumu, akamimina maji kwenye gurudumu. Chaaa! Mvuke ukapanda.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. "Nnungu wangu!" Bibi Helena alimwita Mungu kwa Kimakonde. "Nani anamwaga maji?"

"Mimi, mama. Naponya gari."

"Maji ya kunywa? Newala hii? Bora gari liungue!"

Wapita njia wawili walikuwa wamesimama. Nao waliangalia lile tope barabarani kwa uchungu mkubwa. Moshi hawakuujali.

Wakati huo alifika Priska. Huyu ni jirani yetu na fundi wa magari. Ana gereji yake karibu na soko. Ni mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, na anajua kwamba anajua. Hajawahi kujificha nyuma ya unyenyekevu. Alikuwa anatoka kujaribu gari la mteja, akasimamisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie huyu aache kumwaga maji."

"Baba Glory, weka dumu chini," alisema Priska. "Chuma kikiwa cha moto hivyo ukakimwagia maji ya baridi, kinaweza kupinda au kupasuka. Liache lipoe lenyewe. Na msiguse magurudumu, mtaacha ngozi hapo."

"Limechoka tu," alisema Kasiani. "Likipumzika kidogo huwa linatembea tena. Tutashuka polepole."

Safari hii Priska hakucheka. "Linatembea tena kwa sababu limepoa. Linavuta breki, kaka. Breki zimeshika wakati hujakanyaga. Ukishuka nazo mteremko ule, zitapata moto zaidi. Mafuta ya breki yatachemka. Mafuta yakichemka, utakanyaga pedeli na itazama mpaka chini bila kushika kitu. Hapo utawaambia nini hawa?"

Kasiani alimtazama mama mkwe wake aliyekaa kwenye jiwe, akikung'uta vumbi kwenye kilemba. Aliogopa kwelikweli. Akaweka dumu chini.

Walisubiri mpaka magurudumu yakapoa. Kisha Priska alilifunga gari kamba, akalivuta taratibu mpaka gereji. Pale kuna sakafu tambarare. Aliweka mawe makubwa nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, ndipo akapiga jeki mbele.

"Zungusha gurudumu hili," alimwambia Kasiani.

Kasiani alizungusha. Lilikuwa gumu, likisaga.

"Na la upande wa pili."

Nalo gumu.

"Hapo sasa sikiliza," alisema Priska. "Lingekuwa gumu moja tu, ningesema ugonjwa uko kwenye gurudumu hilo. Yote mawili yakiwa magumu, natafuta kitu kinachoyahusu yote. Ni kitu gani kinazihusu breki zote?"

"Mafuta ya breki?" alisema Veridiana.

"Vizuri, Mama Glory. Na mafuta yanasukumwa na nini?"

"Pedeli."

"Kwa nini huendeshi wewe?" aliuliza Priska. Veridiana alichekea ndani ya kanga.

"Na taa za breki, je? Zinawaka sawasawa?"

Kasiani alikohoa. "Zilikuwa hazizimiki. Nikazitoa globu."

"Ulitoa globu!" Priska alishika kiuno. "Gari lilikuwa linakuita, kaka. Linakwambia, 'breki zangu zimekanyagwa'. Wewe ukalifunga mdomo."

Alizirudisha globu. Hapo hapo taa zote mbili nyekundu ziliwaka, ingawa hakuna mguu uliokuwa kwenye breki. Priska alifungua mlango wa dereva, akainama na tochi. Kisha bega lake likaanza kutikisika. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Glory, njoo uone! Huyu mwenye kilemba ni nani?"

"Priska, nakuomba," alinong'ona Veridiana, akielekeza kidole kwa mama yake.

"Nani ana kilemba?" aliuliza Bibi Helena kutoka kwenye benchi.

"Hakuna, mama!" walijibu Kasiani na Veridiana kwa pamoja.

Priska alijifuta machozi, akashusha sauti. "Angalia, Baba Glory. Kilemba hiki kimetokeza upande. Ukikanyaga breki, kinapita. Ukiachia, kinanasa kwenye chuma cha usukani, hiki kinachoshuka hapa. Pedeli hairudi mpaka juu. Imebaki chini kidogo tu, hata jicho halioni. Lakini kwa gari, breki kidogo hiyo ni breki. Na swichi ya taa za breki iko hapa juu ya pedeli. Pedeli ikirudi yote, inaibonyeza swichi na taa zinazimika. Isiporudi, swichi inadhani bado umekanyaga."

"Kwa hiyo taa na breki..."

"Ni ugonjwa mmoja. Haya, nenda kwenye gurudumu. Mama Glory, simama nyuma, angalia taa."

Priska aliinua pedeli kwa mkono, akakisukuma kile kilemba pembeni.

"Zimezimika!" alisema Veridiana.

Kasiani alizungusha gurudumu. Lilikwenda lenyewe, jepesi, likaendelea kuzunguka hata alipoachia. Alilitazama mpaka liliposimama.

"Ni uchongaji wangu," alisema kwa huzuni.

"Uchongaji wako ni mzuri sana," alisema Priska. "Uweke sebuleni. Pedeli inataka mpira wake, ule uliotengenezwa kwa ajili yake, usioteleza na usiozidi. Hapo chini usiongeze kitu. Hata zulia nene linaweza kuizuia pedeli. Na usiache kitu kinaviringika sakafuni. Kikiingia chini ya pedeli, siku hiyo hutaweza kukanyaga kabisa."

Aliukata mpira wa tyubu, akautoa uso wa mpingo na kumpa mwenyewe. Kazi haikuishia hapo. Alifungua magurudumu. Pedi za breki za mbele zilikuwa zimeungua na kupasuka, akaweka mpya. Mafuta ya breki yalikuwa meusi, akayatoa na kuweka mengine. Akafunga mpira mpya kwenye pedeli. Kisha akaendesha gari kuzunguka soko, akarudi, akasogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa.

"Yana uvuguvugu tu. Breki zinafanya kazi, lazima zipate joto kidogo. Ila moja likiwa la moto kuliko wenzake, au ukisikia harufu ya kuungua, simama. Usisingizie takataka za watu."

"Nani alikwambia habari za takataka?"

"Mkeo," alisema Priska.

Jioni hiyo waliushuka mteremko. Kasiani aliweka gia ndogo, akakanyaga breki pale tu palipohitajika, akaachia. Gari lilitii. Bibi Helena aliimba nyimbo za kanisani njia nzima, naye Kasiani akaona afadhali nyimbo kuliko maswali. Ule uso wa mpingo alikuwa ameuficha chini ya kiti. Alikuwa na haraka, akasahau lile aliloambiwa saa ile ile.

Alhamisi Bibi Helena alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Ijumaa daktari alimtoa bandeji. Alikaa kimya, jambo ambalo familia ile haikulizoea. Kisha akamshika Veridiana kidevu.

"Umezeeka, mwanangu," alisema, akaanza kulia. Veridiana naye akalia. Kasiani alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia gari. Na yeye pia alilia, kule nje.

Wakati wa kurudi, Bibi alikaa mbele tena. Sasa alikuwa anasoma kila kitu. Alisoma mabango ya maduka. Alimweleza mkwe wake rangi za mbuzi. Barabara ilipoanza kupanda, kitu kizito kiliviringika kutoka chini ya kiti kikamgonga kisigino. Bibi aliinama akakiokota.

Kasiani aliona kwa pembe ya jicho. Aliegesha gari pembeni.

Bibi Helena aliugeuza ule uso wa mpingo. Aliitazama pua. Akashika pua yake. Alikitazama kilemba. Akapapasa kilemba chake.

"Mkwe wangu, huyu ni nani?"

"Ni mtu tu, mama."

"Mtu tu. Na alikuwa anakaa wapi?"

Kasiani aliangalia usukani. Hakuna msaada uliotoka huko. "Kwenye pedeli, mama. Ya breki."

Veridiana alikuwa ameshafika dirishani, tayari kuamua ugomvi.

"Kumbe nilikuwa nakanyagwa usoni tangu msimu uishe," alisema Bibi Helena polepole. "Basi sasa nimeelewa kwa nini breki zilishika. Mimi nikikanyagwa, siachii!"

Alicheka mpaka gari likatikisika. Kasiani alitaka kucheka, akaogopa, kisha akacheka kuliko wote. "Nisamehe, mama," alisema. "Nisamehe sana."

"Mama, usisugue jicho!" alisema Veridiana.

"Sisugui. Pua umeipatia, Baba Glory. Uso huu nitauweka barazani, watu wauone. Lakini Priska alisema nini juu ya vitu vya kuviringika sakafuni? Mimi nilikuwa kwenye benchi. Nilisikia yote."

Siku hizi, kwa Kasiani siku bado huanza kwa kelele za madumu. Uso wa mpingo uko barazani, juu ya kigoda chenye pua. Kasiani akishapanga madumu, hakanyagi mafuta mpaka Bibi Helena asimame nyuma ya gari. Kazi hiyo ameichukua mwenyewe, na sioni wa kumnyang'anya.

"Kanyaga!" hupiga kelele, mtaa mzima ukasikia.

Kasiani hukanyaga.

"Zimewaka zote mbili! Nyekundu! Achia!"

Kasiani huachia.

"Zimezimika! Sasa nenda, na ukirudi usogeze mkono kwenye magurudumu!"

Juzi Husseni alikuwa anapita na bodaboda yake na tenga jipya la kuku. Aliona Bibi amesimama barabarani, mkono juu. Akasimama.

"Shikamoo, bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Kanyaga breki."

Husseni alikanyaga. Bibi Helena aliinama nyuma ya pikipiki, akatazama kwa jicho lake jipya.

"Yako haiwaki," alisema. "Zima. Mwite Priska."

Husseni alimtazama Kasiani, akitegemea msaada. Kasiani alijifanya anafunga dumu. Basi Husseni akazima pikipiki, akashuka.